Kushikilia Mfumo, Kubadilika na Wachezaji au Kuanza Upya: Njia Tatu za Kukuza Timu ya Kikapu ya Chuo

Timu ya mpira wa kikapu ya chuo nchini Marekani haibaki ileile hata pale ambapo kocha wake hajabadilika kwa miaka thelathini. Kila msimu unapomalizika kikosi kinamomonyoka: wapo wanaohitimu, wapo wanaoingia NBA, na siku hizi wapo wengi wanaohamia chuo kingine. Mabadiliko yatakuja tu, awe kocha ameyataka au hakuyataka. Kinachobaki mikononi mwa kocha na mkuu wa idara ya michezo ni kuamua kipi kishikiliwe na kipi kiachwe kiende.

Historia ya mchezo huu vyuoni inaonyesha njia tatu kuu. Ya kwanza ni kuchagua mfumo mmoja wa uchezaji na kuuchimba kwa miaka, kila anayesajiliwa akiingizwa ndani yake. Ya pili ni kumbakisha kocha lakini kuuacha uchezaji ufuate aina ya wachezaji waliopo. Ya tatu ni kumleta kocha mpya ili aje na uchezaji wake. Ulinganisho huu unawalenga wanaolazimika kuchagua kati ya njia hizo, pamoja na mchezaji anayetafuta chuo, kwa sababu njia iliyochukuliwa na timu ndiyo itakayoamua kama atacheza dakika thelathini au atakaa benchi.

Vigezo vya kulinganisha

Kigezo cha kwanza, na kwa maoni yangu ndicho kizito kuliko vingine kwa sasa, ni muda wa kufundisha. Zamani mchezaji aliyehama alilazimika kukaa nje msimu mzima, na adhabu hiyo ilimhakikishia kocha kwamba wengi wa aliowafundisha mwaka huu atakuwa nao mwaka ujao. Aprili 2021 wachezaji waliruhusiwa kuhama mara moja na kucheza papo hapo. Aprili 2024 kikomo cha mara moja kikaondolewa kwa wanaotimiza masharti ya masomo. Katikati ya hayo, kuanzia Julai 2021, wachezaji waliruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, na kuanzia Julai 2025 vyuo vyenyewe vimeruhusiwa kuwagawia wanamichezo mapato, kwa kikomo cha takriban dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Mchezaji wa mwaka wa pili aliyeanza kuuelewa mfumo barabara sasa ana bei sokoni, na chuo chenye fedha zaidi kinaweza kuvuna kile ambacho kingine kilikipanda.

Kigezo cha pili ni aina ya kikosi ambacho njia inakidai, na cha tatu ni jinsi inavyostahimili mabadiliko ya kanuni na ya wapinzani. Kanuni hazijatulia hata kidogo. Saa ya mtupo ya wanaume, yaani muda ambao timu hupewa kutupa mpira kikapuni, ilianza na sekunde 45 katika msimu wa 1985–86, ikashushwa hadi 35 mwaka 1993 na hadi 30 mwaka 2015. Mstari wa pointi tatu uliingia msimu wa 1986–87 ukiwa futi 19 na inchi 9 kutoka kikapuni, ukasogezwa nyuma futi moja mwaka 2008, kisha mwaka 2019 ukafikishwa kwenye kipimo cha kimataifa cha mita 6.75. Hesabu ya mstari huo ni nyepesi, ingawa makocha wengi walichukua miaka mingi kuikubali: mchezaji anayefunga 34 kati ya mitupo 100 ya pointi tatu analeta pointi 102, na anayefunga 40 kati ya mitupo 100 ya masafa ya kati, ambayo kila mmoja una pointi mbili, analeta pointi 80 tu.

Kigezo cha nne ni mahali ambapo njia huvunjikia. Mashindano ya taifa ya Machi ni mtoano wa timu 68, na timu inayoshinda raundi yake ya kwanza hupata siku moja tu kabla ya kukutana na mpinzani wa pili. Udhaifu uliofichika kwa miezi minne ya ligi unaweza kuanikwa ndani ya dakika 40. Baada ya vigezo hivyo ndipo tunaweza kusema kila njia inamfaa nani.

Njia ya kwanza: kushikilia mfumo mmoja

Muda wa kufundisha. Njia hii ndiyo inayokula muda mwingi kuliko zote. Jim Boeheim alikuwa kocha mkuu wa Syracuse kuanzia 1976 hadi 2023, na kwa sehemu kubwa ya nusu ya pili ya kipindi hicho timu yake ilicheza ulinzi wa eneo wa 2-3, ambapo kila mlinzi hulinda sehemu yake ya uwanja badala ya kumfuata mtu mmoja, karibu kila dakika. Kwa mtazamaji wa mara ya kwanza ulinzi huo unaonekana wa kivivu, wachezaji wawili mbele na watatu nyuma, mikono juu. Ndani yake kuna kazi nzito. Mpira ukienda kona, mchezaji wa nyuma wa upande huo anatoka kuufuata, wa katikati anahama kuziba nafasi iliyoachwa, na mmoja wa wale wa mbele anarudi nyuma ili pasi isiingie katikati ya eneo. Wote watano wanapaswa kusogea wakati mpira ukiwa bado hewani; anayesubiri ufike ndipo asogee amekwisha kuchelewa. Mazoea ya namna hiyo hayajengwi kwa wiki sita za maandalizi.

Virginia chini ya Tony Bennett, kuanzia 2009, ilikuwa na subira ya aina hiyohiyo. Ulinzi wake ulibuniwa na baba yake, Dick Bennett: mmoja anambana mwenye mpira, na wengine wanne wanajikusanya ndani ya mstari wa kufikirika, takriban futi 16 kutoka kikapuni, ili asipatikane wa kupenya. De'Andre Hunter na Mamadi Diakite, ambao wote wawili walikuwa nguzo za timu ya mwaka 2019, kila mmoja alitumia mwaka wake wa kwanza chuoni akifanya mazoezi bila kucheza mechi. Leo kijana mwenye kipaji cha Hunter akiambiwa asubiri mwaka mzima, simu za vyuo vingine zitakuwa zinaita kabla hajatoka ofisini kwa kocha.

Kikosi. Hapa ndipo penye faida kubwa. Mfumo unaoeleweka hauhitaji wachezaji wanaogombewa na nchi nzima. Unahitaji wanaolingana nao. Princeton, ambayo kama vyuo vyote vya Ivy League, ligi ya vyuo vyenye hadhi ya kitaaluma, haitoi ufadhili wa masomo kwa sababu ya michezo, ilicheza chini ya Pete Carril kuanzia 1967 hadi 1996 mchezo wa pasi nyingi, subira, na kumkimbilia nyuma mlinzi anayejisahau. Machi 1996 iliwatoa UCLA, mabingwa watetezi, kwa 43–41, na kikapu cha ushindi kilitokana na mbinu hiyohiyo ya kupita nyuma ya mlinzi ambayo kila mtu uwanjani alijua inakuja. Syracuse nao walisajili kwa kipimo chao, yaani urefu wa mikono. Katika fainali ya 2003 dhidi ya Kansas, wakiwa mbele kwa pointi tatu na sekunde mbili hivi zimebaki, Michael Lee alipata mpira peke yake kona, tundu ambalo kila kocha analijua katika ulinzi wa 2-3. Hakim Warrick aliruka kutoka karibu na kikapu akaufikia mtupo ule ukiwa ndiyo kwanza umetoka mkononi. Syracuse walishinda 81–78. Mchoro wa ulinzi ulikuwa na tundu. Mikono ya aliyesajiliwa ndiyo iliyoliziba.

Kanuni na wapinzani. Mfumo ambao wengine hawauchezi una thamani ya pekee mwezi Machi, kwa kuwa mpinzani ana siku moja ya kujiandaa nao. Ndiyo maana Syracuse, iliyoingia mashindano ya 2016 ikiwa imepangwa ya kumi kwa ubora katika kanda yake (ya kwanza ndiyo bora, ya kumi na sita ndiyo dhaifu), ilifika hadi nusu fainali ya taifa. Hata hivyo wapinzani wa ligi hukutana na mfumo huohuo kila mwaka, na wachezaji wanaofunga kutoka mbali wameongezeka mno tangu enzi za Warrick. Adrian Autry, aliyemrithi Boeheim, hakukawia kuirudisha timu kwenye ukabaji wa mtu kwa mtu.

Inapovunjikia. Mfano unaotajwa zaidi ni wa Virginia yenyewe. Machi 2018 iliingia mashindano ikiwa ya kwanza nchini, ikafungwa 74–54 na UMBC, timu iliyopangwa ya kumi na sita katika kanda. Katika mashindano ya wanaume hapakuwa na timu iliyopangwa ya kwanza iliyowahi kufungwa na iliyopangwa ya kumi na sita kabla ya siku hiyo. Ni kweli kwamba Hunter alikuwa majeruhi. Lakini mwendo wa polepole nao ulikuwa na mchango wake. Timu bora inapopunguza idadi ya mashambulizi, inapunguza pia nafasi za ubora wake kujidhihirisha. Hadi mapumziko matokeo yalikuwa 21–21, na UMBC walipoanza kufunga kutoka mbali katika kipindi cha pili, Virginia hawakuwa na mchezo wa haraka wa kuwafukuzia.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya nisikubaliane na wanaouita ung'ang'anizi huu ukaidi. Bennett aliuacha ulinzi wake kama ulivyokuwa, akagusa ushambuliaji: aliongeza mpangilio ambao mchezaji mrefu humkinga mwenye mpira mara kwa mara, upande hadi upande, ili Ty Jerome, Kyle Guy na Hunter wapate nafasi ya kuamua wenyewe. Aprili 2019 walitwaa ubingwa kwa kuwafunga Texas Tech 85–77 katika muda wa nyongeza. Aliyejua hasa kipi ni moyo wa mfumo wake aliweza kubadilisha kilichobaki bila hofu.

Inamfaa nani. Kocha aliyehakikishiwa miaka mingi, chuo kinachoshindwa kugombea wachezaji wa juu kwa fedha, na mahali ambapo wachezaji wana sababu nyingine ya kubaki, kama shahada yenye hadhi. Ionekane pia gharama yake: Oktoba 2024, wiki chache kabla ya msimu, Bennett alistaafu akieleza kwamba mazingira mapya ya michezo ya vyuo hayaendani naye.

Njia ya pili: kubadilika na wachezaji

Muda wa kufundisha. Hapa kila mfumo mmoja unahitaji muda mfupi zaidi, ila kocha anapaswa kujua mifumo mingi, na benchi lake la ufundi lazima liwe na watu wanaothubutu kumwambia kwamba wa mwaka jana haufai tena. John Wooden aliifundisha UCLA kuanzia 1948 na hakupata ubingwa hadi 1964, mwaka ambao hakuna mchezaji wake wa kuanzia aliyezidi futi 6 na inchi 5. Timu ile fupi ilishinda mechi zote 30 kwa kubana uwanja mzima, yaani kuwasumbua wapinzani tangu upande wao wa uwanja, kwa mpangilio wa 2-2-1 (wawili mbele, wawili katikati, mmoja nyuma), wazo ambalo msaidizi wake Jerry Norman alikuwa amelipigania. Miaka michache baadaye alikuja Lew Alcindor, ambaye dunia ilimjua baadaye kama Kareem Abdul-Jabbar, na ushambuliaji wote ukahamishiwa chini ya kikapu. Alcindor alipohitimu mwaka 1969, Wooden aliurudisha mpira kwa wachezaji wa mbele, Sidney Wicks na Curtis Rowe, akachukua ubingwa mara mbili zaidi. Kisha akaja Bill Walton na hesabu ikaanza tena. Ubingwa ulikuwa kumi ndani ya miaka kumi na miwili.

Wooden hakubadilisha kila kitu. Ratiba ya mazoezi iliyoandikwa dakika kwa dakika ilikuwa ileile, na kila mwanzo wa msimu aliwafundisha upya wachezaji kuvaa soksi ili miguu isipate malengelenge. Wengi wanaomtaja kama mfano wa kubadilika husahau kwamba chini ya mabadiliko yale palikuwa na sakafu ngumu.

Kikosi. Njia hii inadai wachezaji wenye akili ya mchezo au wenye kipaji kinachotosha kuficha makosa, na huwanufaisha hasa wale walio nadra. Dawn Staley alitwaa ubingwa wa wanawake mwaka 2022 na South Carolina iliyojengwa kwa ulinzi na kwa Aliyah Boston chini ya kikapu. Mwaka uliofuata, katika nusu fainali, Iowa waliwaacha wazi kwa makusudi baadhi ya wachezaji wake wa nje, yaani wanaocheza mbali na kikapu, wakijaza watu ndani ili kumzuia Boston. South Carolina walifungwa 77–73, kipigo chao cha kwanza na cha mwisho msimu huo. Kikosi chote cha kuanzia kiliondoka. Staley hakutafuta Boston mwingine wa kumweka mahali palepale. Timu ya 2023–24 ilikimbia zaidi na kupiga mitupo ya mbali bila kusita, Kamilla Cardoso akiwa ndani kama tishio la pili kwa ulinzi uliokwisha tawanyika. Ilimaliza msimu na ushindi 38 bila kupoteza, na katika fainali iliwafunga Iowa haohao 87–75.

Wakati mwingine mabadiliko hayapangwi kabisa. Villanova ya Jay Wright ilianza kucheza na wachezaji wanne wa nje kwa sababu Curtis Sumpter, mchezaji wake muhimu wa mbele, aliumia goti. Kilichoanza kama kiraka kikawa mtindo: mwaka 2018, wakielekea ubingwa wao wa pili ndani ya misimu mitatu, walifunga mitupo 18 ya pointi tatu katika nusu fainali dhidi ya Kansas. Kansas wenyewe, chini ya Bill Self, walikuwa wamefika pale baada ya kuacha mpango wao wa miaka mingi wa wachezaji wawili warefu na kutumia wanne wa nje.

Kanuni na wapinzani. Kwa kigezo hiki njia ya pili iko mbele, na sioni sababu ya kuzunguka. Kocha aliyezoea kubadilika huipokea kanuni mpya kama mchezaji mpya: anaitazama, anaipa kazi. Mike Krzyzewski alijenga jina la Duke kwa ukabaji mkali wa mtu kwa mtu, lakini Januari 2015, baada ya kufungwa mfululizo na NC State na Miami, aliingia uwanja wa Louisville na ulinzi wa eneo akashinda 63–52. Timu yake, iliyobebwa na wanafunzi wa mwaka wa kwanza kama Jahlil Okafor, Justise Winslow na Tyus Jones, ilitwaa ubingwa Aprili, wakati huo ukabaji wa mtu kwa mtu ukiwa umekomaa tena.

Inapovunjikia. Inavunjikia pale ambapo kubadilika kunageuka kuwa kukosa msingi. Wachezaji wanaojua mambo manne nusunusu hawana la kurudia mchezo unapokaza. Duke ya 2018, yenye Marvin Bagley na Wendell Carter, ilihamia ulinzi wa eneo kabisa kwa kuwa vijana wale hawakuweza kukaba mtu kwa mtu. Uamuzi ulikuwa wa busara, na bado Malik Newman wa Kansas aliwafungia pointi 32, zikiwemo zote 13 za timu yake katika muda wa nyongeza. Mfano mkali zaidi ni wa Machi 2024. Kentucky ya John Calipari, ambaye mwaka 2012 alichukua ubingwa na kikosi cha vijana kilichojengwa upya kila mwaka, ilifungwa 80–76 na Oakland, chuo ambacho kocha wake, Greg Kampe, alikuwa hapo tangu 1984. Oakland walicheza ulinzi wao wa eneo na Jack Gohlke akafunga mitupo 10 ya pointi tatu. Ilikuwa njia ya kwanza ikiifunga ya pili mchana kweupe, ingawa Gohlke mwenyewe, kwa kejeli ya nyakati hizi, alikuwa amehamia pale msimu uleule.

Inamfaa nani. Chuo kinachopata vipaji vikubwa vya muda mfupi, na kocha mwenye heshima ya kutosha kiasi kwamba akiacha kilichompa jina hakuna atakayesema amechanganyikiwa.

Njia ya tatu: kuanza upya na kocha mpya

Muda wa kufundisha. Zamani njia hii ilidai miaka mitatu au minne, kwa sababu kocha mpya alirithi wachezaji wa mtangulizi wake. Uhamisho huria umeufupisha muda huo. Mark Pope alipochukua Kentucky Aprili 2024, baada ya Calipari kwenda Arkansas, karibu kikosi chote cha zamani kilikuwa kimetawanyika. Alikusanya watu wazima kutoka vyuo mbalimbali, wengi wao wapigaji wa mbali, na msimu huohuo akafika hatua ya timu 16 bora. Todd Golden alianza kazi Florida mwaka 2022, msimu wake wa kwanza ukaisha na vipigo vingi kuliko ushindi, na katika wa tatu akawafunga Houston 65–63 kwenye fainali ya taifa ya 2025. Wachezaji wake watatu wakuu wa nje, Walter Clayton, Alijah Martin na Will Richard, wote walikuwa wameanzia vyuo vingine.

Kikosi. Kinanunuliwa zaidi ya kulelewa, na kwa hiyo kigezo hiki kinategemea sana mfuko wa chuo. Fedha peke yake hazitoshi, kwani anayekuja kwa msimu mmoja lazima aelewe haraka anachotakiwa kufanya. Nate Oats, aliyetoka Buffalo kwenda Alabama mwaka 2019, alikuwa na jibu jepesi: mtupo mzuri ni wa pointi tatu au wa chini ya kikapu, wa masafa ya kati uachwe, na mpira usogezwe kabla ulinzi haujapangika. Maelezo hayo mchezaji mgeni anayashika siku ya kwanza. Kwa kazi isiyoonekana kwenye takwimu za kawaida, kama kugusa pasi ya mpinzani au kuurukia mpira uliolegea, wasaidizi wake huhesabu alama, na anayeongoza hukabidhiwa kofia ngumu ya wajenzi. Mwaka 2024 Alabama ilifika nusu fainali ya taifa kwa mara ya kwanza katika historia yake, na mwaka uliofuata ilifunga mitupo 25 ya pointi tatu dhidi ya BYU, rekodi ya mashindano hayo.

Kanuni na wapinzani. Kocha mpya huajiriwa kwa kanuni za leo, na hapo yuko sawa. Tatizo ni la baadaye, wapinzani watakapokuwa wameajiri wanaofanana naye.

Inapovunjikia. Inavunjikia pale ambapo kinachoajiriwa ni sifa ya kocha, huku mazingira yaliyoizaa sifa hiyo yakiachwa nyuma. Kocha Shaka Smart aliipeleka timu ya chuo cha VCU nusu fainali mwaka 2011 na kujulikana kwa kubana uwanja mzima. Texas ilimchukua mwaka 2015 ikitarajia mchezo ule, lakini kadiri miaka ilivyopita ubanaji ulipungua, na katika misimu sita hakushinda hata mechi moja ya mashindano ya taifa. Alipohamia Marquette mwaka 2021 alipona, tena kwa kugeukia kitu kinachofanana na njia ya kwanza: kwa misimu kadhaa alijulikana kwa kuwabakisha wachezaji wake na kutochukua wahamiaji, akashinda ligi ya Big East mwaka 2023.

Inamfaa nani. Chuo ambacho uchezaji wake umechoka na hakuna ndani anayeuamini, chenye fedha na uongozi utakaovumilia msimu mmoja mbaya bila kutikisika.

Kuchagua kwa hali uliyonayo

Ikiwa wewe ni kocha wa chuo chenye bajeti ndogo na wachezaji wako wazuri huchukuliwa kila mwaka, mfumo wa pekee bado ni kinga nzuri, mradi uugawe mara mbili: sehemu ya ulinzi au ya ushambuliaji ambayo mgeni anaweza kuimudu ifikapo Novemba, na sehemu ya ndani zaidi kwa ajili ya watakaobaki. Kujaribu kufundisha mfumo mzima wa Boeheim kwa watu tisa wapya ni kujitafutia Desemba ndefu.

Ikiwa unapata kila mwaka mmoja au wawili wenye kipaji kisicho cha kawaida, wafuate hao, lakini andika kwanza mambo machache ambayo hayatabadilika hata aje nani, na uwe na msaidizi mmoja asiyekuogopa. Bila Jerry Norman pengine ubanaji wa 1964 ungebaki kwenye karatasi.

Ikiwa wewe ni mkuu wa idara na shinikizo la kumfukuza kocha limepanda, jiulize kwanza kama kilichoshindwa ni uchezaji au ni kikosi. Virginia ingemfukuza Bennett baada ya UMBC, ingejinyima ubingwa uliokuja baada ya miezi kumi na mitatu. Lakini kama wachezaji wenyewe wanaondoka wakisema hawaoni nafasi yao katika mchezo wa timu, kumchelewesha kocha mpya ni kumpunguzia miezi ya usajili, kwa kuwa dirisha la uhamisho halingojei kamati. Na umtafutapo, mhoji kuhusu wachezaji aliowafundisha kabla ya kumhoji kuhusu michoro yake.

Kwa mchezaji, mizani ni tofauti kidogo. Anayekomaa polepole, mwenye mikono mirefu au jicho la pasi lakini asiye na jina, atanufaika mahali penye mfumo wa kudumu, ikiwa yuko tayari kusubiri. Mwenye uhakika wa kwenda NBA baada ya mwaka mmoja au miwili aende kwa kocha aliyewahi kubadilisha mchezo wake kwa ajili ya mtu wa aina yake, na aombe kuonyeshwa mechi za mwaka huo. Aliyebakiwa na msimu mmoja tu wa kucheza atazame timu ya kocha mpya, ambako dakika zote 200 za kila mechi (wachezaji watano kwa dakika 40) bado hazina wenyewe, na kabla ya kusaini aulize ni wangapi wengine wa nafasi yake wanaozungumza na kocha huyo wiki hiyohiyo.